Chukua Ile Nyepesi

Korogwe ya siku zile kila jambo lilikuwa na mtu wake wa kuulizwa. Ukitaka kujua mvua ya mwaka huu ikoje, ulimuuliza karani wa stesheni, maana alikuwa na kipimo cha mvua uani kwake. Ukitaka kujua mtoto ana degedege au homa tu, ulimuuliza dresa wa zahanati. Na ukitaka kujua ununue santuri gani ya Kizungu, zile za fidla na vinanda zisizo na mwimbaji wala maneno, ulikuja kuniuliza mimi. Msicheke. Walikuwepo waliokuja.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, na nina mdomo. Nimezaliwa Bungu, huko milimani, nikakulia kwenye kwaya ya kanisa. Kinanda chetu kilikuwa cha kukanyaga, na mpigaji wake alikuwa na mguu mmoja mbovu, kwa hiyo nyimbo zetu zote zilichechemea. Nilipohamishiwa Korogwe, mama mmoja mmisionari aliyekuwa anarudi kwao aliniuzia mashine yake ya santuri, ya betri, pamoja na santuri tatu. Hizo tatu nilizisikiliza mpaka nikawa naamka nazo kichwani. Nikajiona mtaalamu. Mtu wa santuri tatu!

Kisha mashamba ya mkonge yakawa ya umma, mameneja wakafunga mizigo, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Mwenye duka mmoja karibu na stesheni alinunua vitu vya majumba yao kwa jumla. Vitanda viliisha wiki ya kwanza. Masufuria yaligombaniwa. Santuri zikabaki kwenye makasha, zinaliwa na vumbi. Akapunguza bei, hakuna aliyegusa. Akapunguza tena. Mwishowe santuri moja ikawa bei ya mche wa sabuni, na watu bado wakachagua sabuni.

Ndipo akaniita. "Mwalimu, wewe unavijua vitu hivi. Wasemeshe watu."

Tukapatana hivi: Ijumaa nachukua santuri kadhaa, nakwenda kuzisikiliza nyumbani, Jumatatu nazirudisha zikiwa na vikaratasi nilivyochana kwenye daftari, nimeandika kwa Kiswahili inamfaa nani. Maandishi ya santuri zenyewe yalikuwa ya lugha ambazo hata karani wa stesheni hakuziweza, ingawa alijidai ana Kijerumani kwa sababu baba yake alikuwa askari zamani. Basi nikaandika nilichokisikia. "Hizi ni fidla nne zinagombana, mwisho zinapatana. Inamfaa aliyekosana na jirani." "Kinanda peke yake. Isikilizwe mvua ikinyesha, si kwa mwenye njaa." Moja tu ilikuwa na mtu ndani, mwanamke anapiga ukelele tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaandika: "Asinunue mwenye mgonjwa nyumbani." Hiyo ndiyo iliyonunuliwa upesi kuliko zote. Binadamu!

Jumamosi alasiri, baada ya kazi ya shamba la shule, wasikilizaji walikusanyika chumbani kwangu. Walikuwa karani wa stesheni na mkewe, dresa, na majirani wawili watatu waliofuata chai. Balozi wa nyumba kumi alikuja mara moja kuuliza kama muziki huu si mabaki ya ubwana. Nikamwambia, "Balozi, mkonge waliupanda wao na leo ni wetu. Basi na hizi ni zetu." Akakaa, akasikiliza, akasinzia. Tangu hapo akawa anakuja kusinzia kila Jumamosi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Santuri zilikuwa za aina mbili. Zile za zamani zilikuwa nene, nzito kama vigae, ukiiangusha moja inavunjika vipande, na muziki mmoja uligawanywa kwenye santuri tano au sita zilizopangwa ndani ya jalada kama kurasa za kitabu. Na zile mpya zilikuwa nyembamba, nyepesi, ukiikunja kidogo inarudi, na muziki wote unaenea ndani ya moja. Mashine yangu ilicheza hizi mpya tu. Ile nzito nilijaribu moja, ikatoa sauti ya mtu anayeongea usingizini, polepole, chini kabisa, mpaka dresa akacheka chai ikampalia. Nikaona aibu. Na mimi nikiona aibu huwa mkali. Kuanzia siku hiyo nikatangaza kwa kila mtu: "Nzito ni za kale, hazifai. Nunueni nyepesi, hazivunjiki." Watu wakashika neno langu.

Mzee alikuja mwezi wa tatu au wa nne wa shughuli hiyo. Nilisikia hodi, nikamkuta mlangoni mtu mrefu, amevaa kanzu iliyonyooshwa kuliko kanzu yoyote niliyowahi kuiona mjini pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimeelekezwa kwako. Ni habari ya muziki."

Alikuwa Mzigua wa Kwedizinga, upande wa Handeni. Miaka ishirini alikuwa mpishi kwa meneja wa shamba moja la mkonge, na mkewe alikuwa dobi wa nyumba hiyohiyo. Kila alasiri bibi wa nyumba aliweka muziki mmoja, uleule, miaka yote. Mzee yuko jikoni anamenya viazi, mkewe yuko barazani nyuma anapiga pasi, na dirisha liko wazi kati yao. Kazini walikuwa hawaruhusiwi kupiga soga, basi wakawa wanaufuata muziki kwa pua, mmoja anaanza, mwingine anajibu. Hata usiku nyumbani kwao wakati mwingine waliendelea nao, alisema, na watoto wakiwacheka.

Mabwana walipoondoka, wao walirudi kwao wakakuta watu wanahamia kijiji kipya. Wakajenga, wakapanda mihogo. Hawajavuna bado, mkewe akaanguka katikati ya shamba. Kiharusi. Upande mmoja ukafa, ulimi ukafungwa. Tangu hapo hajanena, na kibaya zaidi hamtazami mtu. Ukimlisha anakula, ukimgeuza anageuka, lakini macho yako kwingine. Ila siku moja redio ya jirani ilitoa fidla kidogo, kabla ya taarifa ya habari, na yule mama akainua mkono wake mzima, akausogeza mbele na nyuma juu ya kitanda, kama mtu anayenyoosha shati.

"Nikiupata ule muziki wenyewe, mwalimu, atanijua," mzee alisema. "Sitaki apone. Nataka anijue tu."

Dresa alinivuta pembeni. "Usimtie mzee wa watu tamaa. Kiharusi hakitibiwi kwa fidla."

"Wewe toa dawa zako," nikamwambia, "na mimi nitoe zangu." Hiyo ndiyo adabu niliyokuwa nayo.

Nikamwomba mzee aufuate huo muziki kwa sauti niusikie. Maskini, hakuwa na koo la kuimba. Nilichoshika ni kwamba unapanda mara tatu, unasita, kisha unashuka. Basi nikaanza kumchagulia. Kila baada ya wiki mbili alipanda basi mpaka Korogwe, akakaa mkekani kwangu, viganja juu ya magoti, anasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho hata pale mimi nilipokwisha kuona kwamba siyo. Kisha anatikisa kichwa kwa heshima. "Ni nzuri, mwalimu. Siyo." Nyumbani walimwangalia mgonjwa majirani. Nikaanza kuona huo muziki kama deni langu. Niseme kweli, nikaanza pia kuona kwamba nikiupata mimi, watanisifu mji mzima.

Mwishowe aliyeupata si mimi mwalimu. Aliupata mzee mwenyewe, dukani, kwa macho.

Tulikuwa tumeinamia kasha la chini kabisa, lile la nzito, ambalo mimi sikuwahi hata kulifungua. Akatoa jalada la kitambaa chekundu, akasimama nalo ghafla. Kwenye pembe palikuwa na alama ya kahawia, imeungua, umbo la ncha ya pasi.

"Hii ni ya mke wangu," alisema. "Pasi yake. Bibi wa nyumba alitupa jalada kwenye meza ya pasi, hakutazama. Siku hiyo nusura tufukuzwe kazi wote wawili." Akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka palepale mbele ya wateja, akaacha yatoke.

Ndani mlikuwa na santuri tano, zote nzima. Ndizo zilezile zilizokuwa zikilia kila alasiri wakati yeye anamenya viazi.

Na mimi nilifanya nini? Badala ya kumwambia mshukuru Mungu, lipa, uende, nikachukua jalada nikaanza kusoma yale maandishi herufi kwa herufi. Mimi ni mwalimu. Nilikumbuka kuyaona mahali. Nikalifukua kasha la nyepesi mpaka nikaipata santuri yenye maandishi yaleyale, mstari kwa mstari. Nikapiga kelele za furaha. Tukaenda nayo mbio kwangu, nikaiweka kwenye mashine, na hata haijafika pale inaposita mara ya kwanza, mzee akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo yenyewe."

Nilijisikia mkubwa kuliko mlima wa kwetu.

Tuliporudi dukani, mzee alilichukua tena lile jalada jekundu, akalipakata. "Nadhani nichukue hili, mwalimu. Hili ndilo alilolizoea."

"Mzee!" nikamwambia. "Sikio linazoea jalada au muziki? Hizo ni tano, ni mzigo wa mawe. Na barabara ya Handeni unaijua. Zitafika unga. Na zina mikwaruzo, na kila dakika nne unainuka kubadilisha. Hii ni moja, haivunjiki, muziki wote umo. Bei ni ileile. Chukua ile nyepesi."

Alisimama kidogo akilitazama lile jalada, akapitisha kidole juu ya alama ya pasi.

"Na mashine unayo?" nilimuuliza. Naapa nilimuuliza.

"Ninayo. Bwana aliniachia."

Basi nikaridhika. Sikuuliza ni mashine gani. Nilikuwa nimekwisha kushinda ule mjadala, na mtu akishinda haulizi tena.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema, akalirudisha jalada kwenye kasha taratibu, kwa mikono miwili. Akaondoka na ile nyepesi.

Jumatatu mwenye duka akaniuliza, "Na haya mawe niyafanye nini? Yananikalia nafasi, na wewe umewaambia watu wote kwamba hayafai."

"Tupa," nikasema. Neno moja tu. Nilikuwa nachelewa darasani.

Shule zilipofungwa, wiki tano hivi baadaye, nikasema niende Kwedizinga nikamjulie hali mgonjwa. Nilibeba sukari na majani ya chai. Nisijifiche: nilikwenda kushukuriwa. Njia nzima kwenye basi nilikuwa najitungia yule mama atakavyoinua kichwa, na mzee atakavyowaita majirani waje wamwone mwalimu wa muziki.

Nyumba zilikuwa mpya, zimepangwa mstari, nyingine hazijakandikwa. Ya mzee ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Alinipokea kwa furaha, akanitandikia mkeka, akamwambia mkewe kwa Kizigua kwamba mwalimu ndiye huyu amekuja. Mama alikuwa amelala kitanda cha kamba kilichosogezwa mlangoni apate hewa. Msafi, amesukwa nywele, kanga yake imepigwa pasi. Aliyeipiga alikuwa mzee mwenyewe. Nilimpa shikamoo. Macho yake yalinipita yakaenda ukutani.

"Muziki umelia, mzee?" nikauliza.

Akakaa, akainuka tena, akakaa.

"Siku ya kwanza ulitoka mbio, mwalimu. Mbio, sauti nyembamba kama vifaranga. Lakini mimi niliujua. Na yeye aliujua! Aligeuza kichwa akanitazama. Wallahi alinitazama mimi, si ukuta. Mdomo ukafunguka, koo likacheza. Alikuwa anataka kujibu ile sehemu yake. Mimi nikasema ngoja, ngoja niuweke sawa, usije ukaukosa. Nikaikaza mashine zaidi ili utulie. Ukazidi kuharibika. Akafumba mdomo." Akatazama viganja vyake. "Kesho yake nikaweka tena. Ulikuwa umepungua. Keshokutwa ukapungua tena. Nikawa naweka kila siku, nafikiri labda leo. Mkono wangu ni wa jikoni, mwalimu, si wa vitu vya kitaalamu. Nimeikaza mno, nimeiharibu. Ulinitafutia kwa taabu miezi yote ile, na mimi nimeiharibu. Naomba radhi."

Aliniomba mimi radhi.

"Hebu nione mashine," nikasema.

Akafunua kitambaa. Ilikuwa gramafoni ya mkono, ya zamani, ile ya kukaza kwa hendeli, na shingo yake nzito ya chuma. Nikaigeuza ile shingo nikaona sindano. Mungu wangu. Ilikuwa kama msumari. Na kwenye ncha yake palikuwa na nyuzinyuzi nyeusi, zimejikunja, laini, kama maganda ya penseli. Santuri yangu nyepesi, isiyovunjika, ilikuwa imechongwa ikaisha. Ilikuwa inazungushwa kwa mwendo usio wake na kulimwa kwa msumari, kila siku, na mtu aliyekuwa akinitii.

Lile jalada jekundu ndilo lingelia kwenye gramafoni hiyo. Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Mashine yangu ilikuwa imeshindwa na santuri nzito mbele ya macho yangu, watu wakacheka, na sikujiuliza kama mashine ya nzito nayo haitashindwa na nyepesi. Ni swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeninyooshea mkono kuuliza. Ulimi uliponza kichwa, wanasema, lakini wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu unaojulikana Korogwe nzima, nikamwona anavyonitazama kwa unyenyekevu akisubiri nimsamehe, nikashindwa.

"Si wewe, mzee," ndilo nililoweza.

"Asante, mwalimu."

Alisisitiza kuniwekea ile santuri nisikie. Ikatoa mvumo wa mafuta ya moto, basi. Chini kabisa, mbali, palikuwa na kitu kinachopanda mara tatu, au labda ni mimi niliyekuwa nakitafuta. Nilimtazama mama. Mkono wake mzima ulikuwa umelala juu ya kanga, haukusogea.

Nilimwambia mzee nitarudi na nyingine, ile nyekundu, ndani ya siku mbili. Uso wake ulifunguka mpaka nikaona haya kuutazama. Sikulala hata usingizi wa paka. Basi la kwanza asubuhi nikashuka Korogwe, nikaenda moja kwa moja dukani.

"Yale mawe uliyatupa wapi?"

"Ulisema nitupe."

"Wapi?"

Alinionyesha nyuma ya duka. Choo cha zamani kilikuwa kimejaa, wakakifukia, na shimo likahitaji kifusi. Matofali, chupa, vigae vya vyungu, na santuri nzito za mameneja watano, makasha mazima. Nilichukua jembe la shule. Nilichimba na gauni langu la mwalimu, watu wakapita wakatazama, balozi akaja akasimama, akauliza nini, nikamwambia aniache. Lile jalada nililipata, limelowa, alama ya pasi bado iko. Ndani yake palikuwa na vipande. Nilivitoa kimoja kimoja nikavipanga uani kwangu juu ya gunia, nikijaribu kuviunganisha. Kipande kikubwa kabisa kilitosha kiganja changu.

Mwenye duka aliniuliza kama ningependa arudishe pesa ya mzee. Alikuwa anasema kwa wema. Nilimtukana, na mpaka leo sijui kwa nini nilimtukana yeye.

Niliandika barua. Niliandika misheni ya Vugiri, niliandika kwa yule mama aliyerudi kwao, nilimtuma karani aulize Tanga kila alipokwenda. Dresa hakuniambia "nilikwambia". Ningefurahi kama angesema. Siku mbili nilizoahidi zikawa wiki, wiki zikawa tatu, na mimi sikwenda Kwedizinga kusema kwamba sina kitu. Nilisubiri mpaka nipate. Kila basi la Handeni lilipoingia nilijificha darasani, kama mwizi.

Utingo wa basi la Handeni ndiye aliyeleta habari. Yule mama alifariki Alhamisi, wamekwisha kumzika. Nilimuuliza kama alisema neno kabla. Akanishangaa. "Neno gani, mwalimu? Si alikuwa bubu?"

Sikwenda matangani. Niliona nikienda nitasema, na nikisema pale mbele za watu nitakuwa najipunguzia mimi mzigo juu ya maiti wa mwenzangu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kweli ni kwamba niliogopa.

Baada ya arobaini, Jumamosi moja, hodi. Alikuwa na kanzu yake ileile, imenyooka. Akaingia, akasalimia kila mtu, akapokea pole, akakaa mkekani mahali pake. Tulisikiliza zile fidla nne zinazogombana. Alisikiliza mpaka zilipopatana. Wengine walipoondoka yeye alibaki, na mimi nikaona kwamba sasa hakuna pa kukimbilia.

Nikamwambia. Nilisema yote safari hii: sindano, uzito, mwendo, mashine yangu ilivyoshindwa na nisijifunze, jalada nililomnyang'anya mkononi, neno "tupa", shimo la choo. Nilisema nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesomewa kosa lake mbele ya darasa. "Haikuwa mkono wako, mzee. Ni mimi. Ungechukua ulilolitaka, mama angejibu."

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatabasamu, tabasamu la kunihurumia.

"Mwalimu, watu wamekuwa wema sana kwangu. Shemeji yangu anasema kosa ni lake, hakuja mapema tumpeleke hospitali. Jirani anasema kosa ni lake, redio yake ndiyo iliyotutia tamaa. Na wewe pia umetafuta lako. Mungu awalipe nyote. Lakini mkono uliokaza ni huu." Akaunyanyua, akautazama, akaushusha. "Alikuwa amekwisha kufungua mdomo."

"Mzee, nisikilize, ni ile sindano..."

"Nimekusikia, mwanangu. Asante."

Nililia. Akasubiri nimalize, kwa adabu, akitazama kando. Kisha akauliza alichokuwa amekuja kuuliza.

"Sasa nichagulie moja. Yoyote utakayoona inamfaa mtu anayekaa peke yake. Isiwe ya huzuni sana. Mashine bado ninayo, nimeifuta vizuri."

Nilizitazama santuri zangu zilizopangwa ukutani, na kichwani nikayapitia makasha yote ya dukani, moja baada ya jingine, mpaka la chini kabisa. Zote zilikuwa nyepesi. Mji mzima hapakuwa na santuri hata moja ambayo gramafoni yake ingeicheza, kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu wote zile hazifai, na wakanisikiliza.

"Hakuna, mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akainuka, akajikung'uta kanzu.

"Basi zikija, uniwekee," alisema.

Nikamwambia nitamwekea.